Nifike nimevaa joho au nivae hukohuko? Walitaka kunifungulia sanduku barabarani

Shikamoo Anti,

Mimi ni kijana wa miaka 26 naishi Ilomba hapahapa Mbeya, kazi yangu ni mazingaombwe kwenye sherehe za watoto, besdei, ubatizo, komunio, na ikifika mwezi wa kumi na moja mahafali ya chekechea. Nina mwaka na nusu kwenye hii kazi na nashukuru Mungu wateja wapo, kwa mwezi sikosi shoo nne au tano. Naipenda sana Anti. Nikiwa darasa la tatu alikuja mzee mmoja shuleni kwetu akafanya mazingaombwe, tulichanga shilingi mia mia, akatoa utepe mrefu mdomoni yani hauishi, na mimi siku ile nikasema hii ndo kazi yangu.

Shida yangu ni usafiri na mavazi. Sina gari wala pikipiki. Nina sanduku la mbao nililochongesha, zito kama gunia dogo la viazi, ndani kuna sehemu ya siri, kuna pete za chuma, vitambaa, karata, kamba, maputo, na njiwa wangu mmoja. Mwanzoni nilikua nafika na nguo za kawaida naomba chumba nibadilishe, sasa nyumba nyingi siku ya sherehe vyumba vimejaa, chumbani kuna wageni, stoo kuna masufuria, nishawahi kuvalia chooni na joho likagusa maji. Nikaona bora niwe navaa nyumbani kabisa, joho jeusi lenye nyota, kofia ndefu, uso nimejipaka rangi nyeupe, nikishuka tu watoto wanapiga kelele na shoo imeanza.

Sasa mwezi uliopita nilikua na besdei Isyesye, saa nane mchana. Nikakodi bajaji kutoka Ilomba elfu nane. Foleni unaijua tangu waanze kupanua ile barabara, tukakaa pale nusu saa, watu wanachungulia tu ndani ya bajaji, mvua nayo ikaanza. Tulivyoacha lami kuingia mtaani bajaji ikagoma kupanda, matope, dreva akaniambia kaka hapa mwisho. Nikabeba sanduku begani na tundu la njiwa mkononi nikaanza kutembea. Watoto walikua wanatoka shule wakaanza kunifuata, wa kwanza watatu, alafu kumi, mimi nikawa nawapungia mkono nacheka nao maana ndo kazi yangu. Mama mmoja akatoka na mwiko mkononi akawavuta wa kwake ndani anapiga kelele. Wakaja boda wawili wakanizuia, wee nani, watoto unawapeleka wapi, sanduku lina nini, fungua. Nikawaambia siwezi kufungua. Anti nilisema vile kwa sababu ya siri ya kazi, nikifungua mbele ya wale watoto nimemaliza shoo, lakini wao walisikia kingine kabisa na watu wakazidi kujaa. Kama mwenye sherehe asingepokea simu akaja mwenyewe anakimbia na kanga, sijui ingekuaje. Nilikua natetemeka mpaka rangi ya uso inachuruzika.

Nilifika nimechelewa dakika arobaini. Nikajikaza nikaanza, na nilipofika kwenye njiwa, ile namfunika na kitambaa, mtoto mmoja wa mbele akasema kwa sauti, huyo ndege nilimuona nje kwenye tundu. Wote wakacheka. Mama wa mtoto alinilipa elfu sitini yangu yote lakini niliona usoni hakuridhika. Nikitoa bajaji kwenda na kurudi na kufua joho sikubaki na kitu cha maana.

Mama yangu anasema niache kabla sijachomwa moto. Mimi sitaki kuacha. Naomba unishauri, nivae njiani au nisivae? Je ni sawa kumwambia mteja alipe usafiri, au nitaonekana nina tamaa? Kuna rafiki ananishawishi nikope pikipiki ya mkataba. Na Jumamosi ijayo nina shoo Tukuyu, ya kwanza nje ya mji, naogopa.

Ni mimi, kijana wa mazingaombwe, Ilomba.

JIBU LA ANTI

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili na pale pa mama mwenye mwiko nilisimama muda mrefu, ntakwambia kwa nini.

Kwanza ujue unaongea na mtu aliyebeba vitu vya sherehe. Nimeanza kupamba kumbi Iringa mwaka 2009 kabla sijahamia huku, nimepandisha matao ya chuma Gangilonga juu ya guta, nimekaa nyuma ya kirikuu nimekumbatia keki ya watu, kwaio haya ya bajaji kugoma kwenye matope nayajua kwa mwili sio kwa kusikia. Mazingaombwe siyajui kuyafanya, lakini nimekaa kwenye sherehe nyingi ambazo wenzako wamekuja, na nimeona nani anaitwa tena na nani haitwi.

Jibu la swali lako la kwanza ni usivae njiani. Wala sio suala la matope.

Yule mama alitoka na mwiko kwa sababu ana mtoto, na anaishi nyanda za juu kusini. Mwanzoni mwa 2019 hapo Njombe watoto walitekwa wakauawa, habari za ushirikina zikatajwa, na mzazi wa huku hajasahau na hatakiwi kusahau. Sasa mchukue wewe ulivyokua siku ile, mtu mzima asiyejulikana, uso umepakwa rangi mpaka haumtambui, joho jeusi, sanduku zito begani, anawachekea watoto wa watu na wanamfuata, alafu akiambiwa afungue sanduku anasema siwezi. Wale boda walifanya kitu ambacho mimi kama mzazi ningewashukuru. Najua inauma kuambiwa hivyo wakati moyo wako ni msafi, lakini moyo hauonekani barabarani, kinachoonekana ni joho.

Na mama yako usimuone mwoga. Neno uchawi huku halichezewi. Kuna Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, enzi za Mwingereza, na mpaka leo ipo, inamgusa hata mtu anayejinadi kwamba ana nguvu hizo au anayetembea na vifaa vya namna hiyo. Wewe sio mchawi, wewe ni msanii, basi usijiite mchawi hata kwa utani, usiandike kwenye bango lako "mchawi wa watoto" kama nilivyoona kijana mmoja ameandika, sema mazingaombwe au kiini macho, kila mtu anaelewa kwamba hiyo ni michezo. Nenda kwa afisa utamaduni pale halmashauri ya jiji muulize utaratibu wa kujisajili BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa, upate utambulisho wa usanii utembee nao. Siku ukizuiwa unatoa karatasi badala ya maneno.

Sasa twende kwenye kuvaa. Unasema ukishuka umevaa watoto wanapiga kelele na shoo imeanza, na mimi nakwambia hapo ndo inapoharibikia. Imeanza getini, kwenye matope, wewe hujajiandaa, mtoto wa besdei bado anaogeshwa, nusu ya wageni hawajafika, alafu ukija kusimama rasmi hakuna jipya, wameshakuzoea wameshakuvuta joho. Mtoto mshangao wake ni mmoja tu, ukiutumia nje ndani huna. Nimeona kijana mmoja mtaa wa Forest hapa Mbeya, alifika na tisheti na suruali ya jinzi, amebeba begi la kawaida kabisa, watoto wakampita wakidhani ni fundi wa muziki. Alikaa pembeni anakunywa soda. MC alivyomtaja akatokea nyuma ya pazia la mapambo yangu na koti jekundu linang'aa, mwanangu vile vitoto vilinyamaza. Kuna kimoja kilikua kinakula kuku, kipaja kikabaki hewani. Ile kimya ndo unayolipwa.

Chumba. Usiombe chumba ukifika, omba siku unapokea oda, maana ukifika mama mwenye nyumba ana mambo hamsini kichwani na atakuonyesha choo. Mwambie mapema, mama nahitaji kona moja yenye pazia na meza ndogo, dakika ishirini, watoto wasifike hapo. Ukiomba kona kila nyumba inayo, ukiomba chumba ndo inakua ugomvi. Na ongea na mpambaji, yani sisi, kila sherehe yenye mapambo ina pazia na nyuma ya pazia kuna nafasi ya mtu kusimama, mimi nishawaficha watu wengi huko.

Na hilo vazi lenyewe lipunguze. Joho refu na rangi uso mzima ni vitu vya kukufanya usitambulike, wakati kazi ya watoto inataka wakuone macho na tabasamu, wengine wadogo wa miaka mitatu wanalia kabisa wakiona uso mweupe. Kulikua na Mfaransa anaitwa Robert-Houdin, fundi saa, mwaka 1845 alifungua ukumbi wake wa mazingaombwe Paris, kipindi ambacho wenzake wengi walizoea majoho ya kichawi, yeye akapanda jukwaani na suti ya jioni kama waliyovaa waalikwa wake, na watu wakamheshimu mno. Tafuta koti moja zuri la rangi kali pale mitumba Mwanjelwa, fundi akuongezee mifuko ya ndani unayoitaka, koti linakunjwa linaingia kwenye begi, unalivaa kwa dakika moja juu ya shati lako jeupe na hauhitaji chumba cha mtu. Kofia ibaki kama inakunjika. Rangi ya uso achana nayo.

Sanduku ndo kubwa zaidi. Mwanangu kosa la siku ile lilianzia kwa fundi seremala kabla ya Isyesye. Umetengeneza sanduku ambalo haliwezi kufunguliwa mbele ya watu, wakati nchi hii begi linafunguliwa, kuna askari barabarani, kuna konda anataka kujua amebeba nini, kuna boda wenye wasiwasi. Sanduku la kusafiria lazima liwe kitu ambacho ukiambiwa fungua unafungua hapohapo unacheka. Kwaio tenganisha. Lile la mbao lenye siri ni kifaa cha jukwaani, lifunge na kitambaa liingie ndani ya begi kubwa la shangazi kaja au sanduku la mitumba lenye matairi, na juu yake kabisa weka vitu vya furaha, pakiti za maputo, kofia za karatasi, zawadi ndogondogo, picha mbili tatu za wewe ukiwa kwenye shoo na watoto na wazazi wao wamekaa nyuma, ila omba ruhusa ya hao wazazi kwanza. Mtu akifungua anaona sherehe. Ukiona bado ana shaka piga simu ya mwenye shughuli weka sauti ya nje. Siri yako inabaki salama chini na wewe unabaki salama juu.

Na kabla ya safari mwaga vyote kitandani, jiulize kipi hukukitumia shoo tatu zilizopita, hicho kiache. Watoto wa miaka mitano hawamalizi nusu saa wamekaa, michezo sita mizuri inatosha. Pete za chuma zifunge moja moja na tambara zisigongane, zikipata mkwaruzo mwanga unaonyesha. Karata na vitambaa weka kwenye mfuko wa nailoni ufunge kabisa alafu ndo kwenye begi, unyevu wa huku karata inavimba haitelezi tena. Kama una vile vikaratasi vinavyowaka moto, usipande navyo boda wala haisi, mafuta yale unayakalia.

Njiwa muache nyumbani kwa sasa. Sisemi milele. Ndege huyo alikaa kwenye foleni nusu saa, akapigwa mvua, baridi yetu unaijua, na mwisho mtoto alishamuona. Kitu hai kinataka gari lenye mlango na kivuli na mtu wa pili wa kukiangalia, siku ukiwa navyo umrudishe. Yule mtoto aliyesema "nilimuona nje" usimchukie, amekufundisha kwamba chochote kinachopita getini wazi sio siri tena.

Maputo usiyajaze nyumbani. Nilishawahi kupewa kazi mbili siku mbili, nikajaza maputo Kyela usiku nikidhani naokoa muda, asubuhi tukapanda nayo. Kyela iko chini huko karibu na ziwa, kama mita 500 juu ya bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700, na njiani pale Isongole unapanda zaidi ya hapo. Hewa ya juu ni nyepesi kwaio ile iliyofungiwa ndani ya puto inatanuka. Tulivyopita Tukuyu yakaanza, paa, paa, dreva akasimamisha gari akashuka kuangalia matairi. Nilifika na robo ya mzigo. Beba pampu, jaza hukohuko.

Hela. Sio tamaa. Mimi nikipewa oda namtajia mteja vitu viwili, kazi ni kiasi hiki na usafiri ni kiasi hiki kulingana na unapokaa, na usafiri unalipwa siku tatu kabla. Anayelipa nauli mapema hata kona ya kuvalia anakutafutia. Kwa Isyesye ulitakiwa useme elfu sitini kazi na elfu kumi na sita usafiri, akikataa mnapunguza mkiwa kwenye simu, sio wewe unaenda kupunguziwa na barabara. Alafu acha kukamata bajaji yoyote. Tafuta dreva mmoja mtu mzima anayejua mitaa, mpe namba, mkubaliane akusubiri na akurudishe, na kipindi cha mvua muulize mwenye nyumba njia ya kwenda kwake inapitika na nini. Ni swali dogo sana na hakuna anayeliuliza.

Pikipiki ya mkataba hapana, angalau mwaka huu. Rejesho linataka hela kila siku au kila wiki, wewe unaingiza Jumamosi na Jumapili, hizo siku tano katikati utajikuta unabeba abiria na mazoezi umeacha. Na sanduku kwenye pikipiki kwa mvua hii ni tatizo lilelile lina matairi mawili. Ukishapata wateja wa kukulipa usafiri miezi sita mfululizo niandikie tena.

Kuhusu wale watu wa Isyesye, ningekua wewe ningerudi. Mchana, nguo za kawaida, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa jitambulishe, muombe akupeleke pale kijiweni kwa wale boda, wasalimie, watolee mchezo mmoja mdogo wa sarafu. Yule mama pia kama utamuona, muombe radhi umemtisha. Hao ndo watakaokuelekeza kwenye besdei ya jirani.

Tukuyu sasa, maana Jumamosi ni kesho tu. Piga simu leo kwa mwenye sherehe umuulize kona, muulize nyumba iko umbali gani na lami, na nani atakupokea stendi, mtu mwenye jina na namba, usikubali "ukifika tupigie". Panda haisi ya asubuhi pale Uyole, sio ya saa sita, Tukuyu mvua inaweza kuanza muda wowote na ni bora usubiri kwao unakunywa chai kuliko kusubiri njiani. Lipia siti ya begi likae mguuni kwako, juu ya keria lisipande hata konda akikuapia kuna turubai. Koti ndani ya nailoni, shati jeupe la pili ndani ya nailoni nyingine. Waambie yale maji ya kumwagia mwenye besdei yasubiri mpaka umefunga begi lako, hilo limewaharibia wengi vifaa. Na ukifika kaa pembeni, kula, usimwambie mtoto yeyote wewe ni nani mpaka MC akutaje.

Anti